Vidole vya Fundi Norbert

Norbert alikuwa fundi cherehani katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, mahali ambapo watu hupita wakienda kuchota maji. Alishona suti, sare za shule na majoho ya kwaya. Alitoka Bukavu, Kongo, na mkasi wake mfukoni, na kambini hapakuwa na mtu aliyeshona kola kama yeye. Hilo alilisema yeye mwenyewe, lakini wateja nao hawakubisha.

Mkewe, Rosalie, alikaa upande wa pili wa kibanda. Yeye alipiga pindo na kutia vifungo. Majirani walimwita Mama Douce, kwa jina la binti yao mkubwa, na Norbert wakamwita Baba Douce.

Siku zao zilifanana. Asubuhi Norbert alikunywa chai, akameza vidonge viwili vya amibe, wale wadudu wadogo wa tumboni, kisha akafungua kibanda. Tumbo lilikuwa likimsokota tangu Pasaka, na kwa watu wa Bukavu tumbo likisokota jina lake ni amibe. Mchana walikula nsima, ugali wa Malawi, na mboga. Jioni alimeza vidonge viwili vingine, akaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Aliimba sauti ya chini, tena kwa nguvu, hata pale ambapo wimbo ulitaka upole.

Mwaka ulikuwa 2014. Mwezi wa Juni, wakati wa baridi, vidole vya miguu yake vilianza kuwaka. Ukivigusa vilikuwa baridi, lakini yeye alisikia moto. Moto ukapanda polepole mpaka kwenye nyayo. Baadaye nyayo zikafa ganzi, na ganzi ilikuwa mbaya kuliko moto.

Siku moja alirudi nyumbani kwa miguu. Rosalie akamtazama chini.

"Baba Douce, kambambili ingine iko wapi?"

Norbert akaangalia. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu. Kandambili ilikuwa imebaki njiani, naye hakuwa amesikia kitu. Rosalie alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

Mwezi wa Agosti, vidole vya mikono navyo vikaanza kuchomachoma. Norbert alishika kifungo, lakini hakujua kama bado kiko mkononi ama kimeanguka, mpaka aangalie. Kola moja ikatoka imepinda. Kisha ya pili. Mchungaji mmoja akairudisha suti yake bila maneno mengi, na ukimya ule ulimuuma Norbert kuliko matusi. Akaanza kuogopa. Hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na vidole kumi tu, na watu watano nyumbani walikula kwa vidole hivyo.

Kwanza alikwenda peke yake kwenye kliniki moja ya barabarani. Alitaka kueleza kwamba siku hizi anayumba akitembea. Kichewa chake, lugha ya wenyeji, kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu. Maneno yakamwishia.

"Mwendo!" akasema. "Mwendo mubaya!"

Muuguzi akaitikia kwa kichwa. Akamkalisha, akamkunja goti, akalinyoosha, akampa dawa ya kuchua. Norbert alichua goti lake wiki nzima. Goti lilikuwa zima tangu mwanzo.

Baadaye alikwenda kituo cha afya, safari hii na mkalimani. Wakampima sukari na virusi vya UKIMWI. Majibu yote yakawa mazuri. Wakamuuliza kama anatumia dawa yoyote.

"Hapana," akasema Norbert. Na alisema kwa moyo mweupe.

Basi wakamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Lilongwe. Daktari wa mishipa angekuja huko mwezi wa Novemba, kwa siku chache tu. Norbert alipangiwa Alhamisi, tarehe 13.

*

Norbert alisoma barua ile njiani. Kiingereza hakukijua vizuri, lakini neno moja lilifanana na Kifaransa chake: neuro.

Moyo wake ukashuka. Kule Bukavu, mtu akisema kwamba fulani amepelekwa "ku neuro", watu hushusha sauti. Maana yake fulani amerukwa na akili. Norbert akaikunja barua mara nne, akaiweka chini ya nguo za wateja.

"Mi siendi," alimwambia Rosalie. "Banaona mi ni wazimu. Ni miguu inaniwaka, siyo kichwa."

Rosalie hakubishana naye. Alifunga kitenge vizuri, akaenda nyumba ya tatu kumwita Annuarite.

Annuarite alikuwa muuguzi kule Bukavu kwa miaka kumi na tano. Hapa kambini alijitolea kutembelea wagonjwa nyumbani kwao. Wote walimwita Muganga, kama watu wa Bukavu wanavyomwita daktari au muuguzi. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa uso, lakini ulimi wake haukuzunguka.

"Baba Douce," alisema alipoketi, "nasikia hautaki kwenda ku Lilongwe."

"Muganga, banituma ku neuro. We unajua neuro ni nini."

"Mi najua. We njo haujue."

Rosalie akageuza uso ili mumewe asimwone akitabasamu.

Annuarite akachukua uzi wa cherehani, akauvuta kutoka kwenye kidole cha Norbert mpaka kichwani kwake.

"Angalia. Mu mwili kuko mishipa ya damu. Ile unajua. Kuko na mishipa ingine, ya fahamu. Ile inabeba habari. Ukikanyaga moto, habari inapanda mpaka ku ubongo. Ubongo unajibu: toa muguu! Kwako habari inapotea mu njia, ama inafika ya bongo, ya kudanganya. Hakuna moto, lakini inasema kuko moto. Daktari wa neurologie anatafuta ni wapi inaharibika, na juu ya nini."

"Kwa hiyo siyo wa bawazimu?"

"Ule ni mwingine. Na hata ule, mutu akimuhitaji, aende bila haya. Ubongo nayo inagonjwaka, sawa na tumbo."

Norbert alitazama mikono yake juu ya magoti.

"Na akiniambia haiponi?"

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Annuarite hakumdanganya.

"Sijue. Kuko yenye inapona, kuko yenye haiponi. Lakini ukibaki hapa, hata ile ya kupona itaharibika."

Norbert akainua nguo za wateja, akatoa barua. Ilikuwa imekunjamana sana. Rosalie akaipiga pasi.

*

Zilibaki wiki sita. Annuarite alisema wiki hizo zisipotee bure.

"Ule daktari ataona bantu bengi," alisema. "Wewe utapata dakika makumi mbili, labda. Ukifika na kusema 'naumwa miguu', utarudi na dawa ingine ya goti. Leta kayé."

Norbert akaleta daftari ambalo aliandikia vipimo vya nguo.

"Ilianza siku gani?"

"Zamani."

"Zamani ni tarehe gani?"

Norbert akakuna kichwa. Rosalie akajibu badala yake. "Ilikuwa kisha Pentekote. Tulikuwa tumemaliza marobe ya kwaya. Ulisema ni kisigino, juu ya kusimama sana."

"Kweli," akasema Norbert. "Njo vile."

Annuarite akaandika: katikati ya Juni, vidole vya miguu. Akaendelea kuuliza. Ilianza mguu mmoja au yote miwili? Yote miwili. Imefika wapi sasa? Kwenye vifundo. Mikono ilianza lini? Agosti. Nini kinaongeza moto? Kitu gani alikuwa akiweza mwaka jana, na sasa hawezi? Hapo Norbert alichelewa kujibu. Alisema hawezi kuweka kifungo cha shati bila kuangalia. Hawezi kusimama akivaa suruali. Akioga na sabuni ikiwa usoni, macho yamefumbwa, anaelekea kuanguka.

"Hiyo haukuniambia," alisema Rosalie.

"Ningesema nini? Kwamba mi ni kama mutoto?"

Rosalie alimshika mkono, na wakakaa hivyo kidogo. Annuarite alijifanya anachonga kalamu.

Kisha akauliza, "Pombe?"

"Mi ni mutu wa kwaya," alijibu Norbert.

Rosalie akakohoa.

"Noeli moja," akasema Norbert. "Na ndoa ya Ezechiel. Basi."

"Sikuulizi juu ya kukutubisha. Pombe ikizidi inaharibu mishipa. Daktari akiuliza, sema kweli, na hata kama ni ingi, sema ingi."

Aliuliza pia kuhusu magonjwa ya zamani, kifua kikuu, ajali, na kama yuko mtu wa ukoo aliyekuwa na miguu ya namna hiyo. Halafu akamwambia jambo ambalo Rosalie aliliweka moyoni.

"Siku ile, beba kila kitu unamezaka. Dawa ya hospitali, ya duka, ya miti, hata kile unaona si kitu."

"Mi sinywake dawa," alisema Norbert.

"Haya. Lakini ukikumbuka, beba. Na sikilizeni hii. Mukono na muguu wa upande moja bikikufa mara moja, ama mudomo ukipinda, ama ukishindwa kukojoa, ama kupumua, hapo hakuna kungoja Novemba. Ni kukimbia ku hospitali siku ile ile."

Kuanzia hapo, kila jioni kabla ya kwaya, Norbert aliandika mstari mmoja. Mwanzoni aliandika vibaya: "Leo mbaya." "Leo mbaya tena." Annuarite alisoma akakunja uso. Basi Norbert akajifunza. "Jumatatu: moto mpaka ku kifundo. Jumatano: nimeangusha makasi mara tatu. Jumamosi: nimeweza kukata nguo saa moja, kisha mikono ikalala." Kuandika kulimtuliza. Zamani ugonjwa ulikuwa umejaa nyumba nzima. Sasa ulikaa katika daftari.

Mkalimani alikuwa Hubert, mwalimu wa Kiingereza kutoka Uvira. Watu wengi walimjua kanisani, kwani alitafsiri mahubiri ya wageni. Mgeni akisema maneno matano, Hubert alitoa hamsini, na waumini walipenda hivyo. Annuarite alimwita mapema.

"Mwalimu, kule si kanisani. Baba Douce akisema maneno matano, wewe sema matano. Daktari akisema matano, rudisha matano."

"Na kama hayaeleweki?"

"Uliza. Usijaze."

Hubert akacheka, akaahidi. Akasoma daftari, akalifupisha kwa Kiingereza kwenye karatasi moja, ukurasa mmoja tu. Alipofika kwenye habari ya kuyumba, Norbert akamwambia aandike kwamba mwendo wake umeharibika.

"Ile kliniki niliwaambia 'mwendo', banikamata goti," alilalamika.

Hubert akaweka kalamu chini. "Mwendo? Ulimwambia Mmalawi mwendo?"

"Eeh."

"Baba Douce, kwa Kichewa mwendo ni mguu! Ulimwambia una mguu mbaya."

Rosalie alicheka mpaka akajifuta machozi. Norbert alikasirika kwanza, kisha akacheka naye. Hubert akaandika kwa Kiingereza: anayumba akitembea, hasa asipoona anapokanyaga.

Chini ya karatasi palibaki nafasi ya maswali ya mgonjwa. Norbert aliandika moja tu: "Nitashona?"

*

Jumatano mchana, Rosalie alipanga mfuko. Aliweka barua, majibu ya vipimo, daftari na karatasi ya Hubert. Aliweka kile kijitabu cha afya ambacho Wamalawi hukiita pasipoti. Ilikuwa pasipoti pekee aliyokuwa nayo Norbert tangu avuke mpaka. Aliweka pia suruali pana, ili ipandishwe kirahisi wakati wa kupimwa magoti. Mwisho akaweka kopo la vidonge vya amibe.

Norbert akalitoa. "Hii si dawa."

"Ni nini?"

"Ni ya amibe."

"Muganga alisema kila kitu unamezaka."

"Na chai utaweka? Na chumvi? Mama Douce, usinipatishe haya mbele ya docteur. Dawa ni yenye muganga anakuandikia. Hii najinunuliaka mi mwenyewe mu soko."

Norbert alipokwenda kufunga kibanda, Rosalie alilirudisha kopo chini kabisa, akalifunika kwa suruali.

Asubuhi walipanda gari wakiwa watatu, Hubert akiwamo. Walifika Lilongwe mapema, wakakaa kwenye benchi refu la hospitali. Palikuwa na watu wengi. Wengine walikuwa wamelala kwenye vitenge. Norbert alishika karatasi yake kwa mikono miwili na kuitazama mara kwa mara, kwa sababu hakuamini vidole vyake.

Jina lake likaitwa. Daktari alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele za mvi, mgeni kutoka mbali. Muuguzi wa Kimalawi alikuwa naye. Hubert akasalimu, akafungua kifua kana kwamba anaanza ibada. Rosalie akamkanyaga mguu taratibu.

Daktari alisoma karatasi yote. Alisoma tena sehemu ya tarehe. Kisha akamtazama Norbert akasema maneno machache.

"Anasema asante," Hubert alitafsiri. "Anasema karatasi hii imempunguzia nusu ya kazi."

Kipimo kikaanza. Daktari alimgusa kwa pamba, Norbert akiwa amefumba macho. Juu ya goti alisikia. Chini ya kifundo hakusikia. Daktari akagonga chuma chenye ncha mbili, kikavuma, akakiweka juu ya kidole gumba cha mguu.

"Unasikia kinatetemeka?"

"Hapana."

Akagonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu ukaruka. Akagonga nyuma ya kifundo. Mguu ukakaa kimya. Mwisho akamwambia asimame, miguu pamoja, afumbe macho. Norbert akafumba. Mara sakafu ikamkimbia, na muuguzi akamdaka begani.

Aliona haya. Lakini daktari alikuwa anaandika kwa utulivu, kama fundi anayechukua vipimo, na jambo hilo lilimpa Norbert nguvu.

"Anauliza, unatumia dawa gani?" alisema Hubert.

"Hakuna."

Rosalie akaingiza mkono chini ya suruali pana, akatoa kopo, akaliweka juu ya meza.

"Mama Douce!" Norbert akanong'ona.

Daktari akalifungua. Akamwaga vidonge viwili kiganjani. Akasoma maandishi yaliyochapwa juu ya vidonge, kisha akaweka kalamu chini.

"Anauliza ni vya nani."

"Ni vyangu. Lakini mwambie si dawa. Ni ya amibe tu."

Hubert akamtafsiria, bila kuongeza hata neno.

"Anauliza unameza vingapi, na umemeza kwa siku ngapi."

"Siku?" Norbert akashangaa. "Asubuhi viwili, jioni viwili. Tangu Pasaka."

Daktari akachukua karatasi tupu. Akachora mstari. Mwanzoni aliandika Pasaka. Mbele kidogo akaandika Juni, miguu. Mbele zaidi akaandika Agosti, mikono. Akaugeuza mstari kwa Norbert. Hakukuwa na haja ya mkalimani.

Norbert aliutazama muda mrefu. Alijisikia mjinga, na alimkasirikia kila mtu aliyewahi kumwambia neno amibe, kuanzia marehemu bibi yake.

Daktari alieleza taratibu, na Hubert akafuata maneno yake moja moja. Dawa ile inaitwa metronidazoli. Ni dawa nzuri, na inaponya watu wengi. Lakini hutolewa kwa siku chache, wiki moja ama siku kumi, baada ya kupimwa. Mtu akiimeza kwa miezi mingi inaweza kuumiza mishipa ya fahamu. Huanza na mishipa mirefu zaidi, ile ya miguuni. Ndiyo maana moto ulianza kwenye vidole vya miguu, pande zote mbili.

"Anasema hii aache leo," alisema Hubert. "Atapima damu pia, kuona kama kuna sababu nyingine. Na anasema: dawa uliyoandikiwa na daktari usiiache kwa kichwa chako. Uliza kwanza. Lakini hii hukuandikiwa na mtu."

Norbert akaonyesha kwa kidole mstari wa mwisho wa karatasi. Hubert akausoma kwa Kiingereza: atashona?

"Nafikiri ndiyo," alisema daktari. "Siwezi kuahidi yote. Mishipa hupona polepole sana, kwa miezi. Wiki za kwanza miguu inaweza kuwaka zaidi, usiogope. Mikono ilianza mwisho, na haikuumia sana. Rudi mwezi wa Mei, na uendelee kuandika."

Wakati wa kurudi, walipokaribia mji wa Dowa, Rosalie akasema, akitazama nje, "Hata chumvi ningeiweka."

"Najua," alijibu Norbert.

*

Jioni ile Annuarite alisikia habari yote, akajishika kichwa.

"Mi infirmière miaka kumi na tano, tena jirani! Nilikuuliza dawa, na we ulijibu juu ya dawa. Kosa ni yangu pia. Sikuuliza amibe."

Kesho yake alimpeleka Norbert kituo cha afya kupima choo. Hakukuwa na amibe hata mmoja. Norbert alikaribia kubisha. Alikuwa ameishi na amibe wake tangu ujana, na sasa wanamwambia hawapo. Kumbe tumbo lilikuwa na asidi, kwa sababu alikunywa chai kali bila kula na kuruka chakula cha mchana kazi zikizidi. Wakampa dawa ya wiki chache, wakamwandikia mpaka tarehe ya kuacha. Rosalie akaanza kumwekea uji asubuhi kabla ya chai.

Annuarite naye alibadilisha kazi yake. Tangu hapo, akiingia nyumba ya mgonjwa, hakuuliza tena "Unatumia dawa gani?" Aliuliza, "Unamezaka nini? Nionyeshe." Watu walitoa makopo chini ya vitanda, vikaratasi kwenye vikapu, vidonge vilivyofungwa kwenye pembe za kitenge. Katika nyumba kumi za kwanza, alikuta dawa ya amibe katika sita. Madeleine, muuza mboga, alikuwa akiwapa wanawe kila Jumamosi, eti kuosha tumbo. Aliacha siku ile ile.

Desemba ilikuwa ngumu. Miguu iliwaka zaidi, kama daktari alivyosema, na Norbert aliandika "Leo mbaya" bila kujali Annuarite atasema nini. Januari haikuleta kitu. Februari, moto ukashuka kutoka kwenye vifundo. Machi, aliweza kuvaa suruali akiwa amesimama, na alimwita Rosalie aje atazame. Kola bado hakuzishona. Rosalie alizishona yeye, na watu walianza kusema kwamba kumbe na yeye anaweza. Norbert alisema amefundishwa na fundi mzuri.

Mchana mmoja wa Aprili, Rosalie alikuwa nje akianika nguo. Akasikia mumewe anapiga kelele ndani ya kibanda.

"Mama Douce! Mama Douce, kuya!"

Akaangusha nguo zote, akakimbia. Alidhani ameanguka. Alimkuta ameketi mbele ya cherehani, ameinua kidole cha shahada. Sindano ilikuwa imemchoma. Tone la damu lilikuwa linashuka taratibu, na Norbert alikuwa analitazama huku machozi yakimtoka.

"Umeumia! Inauma?"

"Inauma," alisema Norbert, akicheka na kulia pamoja. "Mama Douce, asante Mungu, inauma sana."